Madoa Tisa ya Desemba

Picha ya Septemba ilikuwa na madoa matano. Picha ya Desemba ilikuwa na madoa tisa. Daktari Yeom alizipanga zote mbili kwenye kompyuta, moja kando ya nyingine, akakigeuza kioo ili Maeng Deoksu ajionee mifupa yake mwenyewe: fuvu, uti wa mgongo, mbavu, nyonga, yote ya kijivu, na juu ya kijivu hicho madoa meusi. Deoksu aliyahesabu mara mbili, kidole kikipita hewani bila kugusa kioo. Alikuwa na miaka sitini na sita, na ishirini na minane kati ya hiyo alikuwa ameitumia kusugua watu nongo katika hamamu ya Misonobari, bafu la umma la mtaani kwao, karibu na bandari ya Gunsan, Korea Kusini. Kujua ubavu upi ni wa ngapi haikuwa kazi ngumu kwake.

"Yameongezeka," alisema.

"Yanaonekana mengi zaidi."

"Si ni kitu kilekile?"

"Si lazima." Daktari Yeom alikuwa mwanamke mfupi, hajafika arobaini, na sauti yake ilikuwa imekauka kwa kusema tangu asubuhi. "Ile dawa tunayokudunga mkononi kabla ya picha hukimbilia pale mfupa unapojijenga. Saratani ikiutafuna mfupa, mfupa unahangaika kujiziba, panawaka. Saratani ikirudi nyuma, mfupa unajaza pengo, napo panawaka. Kwenye picha ni vigumu kutofautisha. Lakini kipimo chako cha damu cha saratani ya tezi dume kilikuwa mia mbili na kumi na mbili Septemba, na leo ni tatu nukta nane. Kwa damu hii, mimi naamini mifupa yako inapona."

"Unaamini."

"Ndiyo."

"Hujui."

Daktari angeweza kumtuliza kwa maneno matamu, lakini hakufanya hivyo. "Nitajua Machi, tukipiga tena. Yakizuka mengine mapya juu ya haya, dawa imeshindwa. Yasipozuka, ulikuwa unapona. Kwa sasa hatubadilishi kitu. Leo unachoma sindano yako ya pili ya kuzima homoni za kiume, halafu tunasubiri."

Deoksu aliinama kwa heshima, akashukuru, akachukua karatasi yake. Chumba cha sindano kilikuwa mwisho wa ukumbi. Alikaa pale na wazee wengine watano, wote wanaume, wote wakitazama viatu vyao. Nesi alitokea mlangoni akaita, "Bwana Maeng Deoksu." Hakuinuka. Nesi alipoita mara ya pili, yeye alikuwa tayari ndani ya lifti, anabonyeza kitufe cha chini.

Kwenye duka la dawa lililo mkabala na hospitali alinunua boksi moja la plasta. Alipofika kwenye ngazi za nyumba yao, ghorofa ya pili, alisimama, akainua sweta na kubandika plasta moja chini ya kitovu.

*

Mkewe, Ok Bunrye, alikuwa anakata figili kwa ajili ya supu. Naye alikuwa msugua nongo katika hamamu hiyohiyo, upande wa wanawake, ghorofa ya juu, na siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa ya kutoka mapema. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mwenye mikono minene na macho yasiyokosa kitu.

"Daktari kasemaje?"

"Damu imeshuka sana. Tatu na kitu."

"Kutoka mia mbili?" Kisu kilisimama. "Na picha?"

"Picha haieleweki. Watapiga tena Machi."

"Haieleweki vipi?"

"Mama Seonju, mimi si daktari. Haieleweki."

"Na sindano?"

Deoksu alipandisha sweta kidogo, plasta ikaonekana, akaishusha. Bunrye alirudi kwenye figili yake. Muda mfupi baadaye simu ililia. Alikuwa binti yao, Seonju, aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya bima huko Daejeon na aliyekuwa amesoma kuhusu ugonjwa huo kila kilichoandikwa mtandaoni.

"Baba, kuna picha ya aina nyingine Seoul. Hiyo inatafuta seli zenyewe za saratani, haitazami mfupa tu. Nikuwekee nafasi?"

"Picha mbili zimenitosha."

"Kwani picha ya leo ilikuwaje?"

"Ongea na mama yako," alisema Deoksu, akampa mkewe simu, akaenda kusimama nje kwenye kibaraza bila koti. Ilikuwa nyuzi mbili chini ya sifuri, na jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

Hilo ndilo jambo lililokuwa linamsumbua tangu Septemba. Fukuto lilimjia mara kumi kwa siku bila kubisha hodi, likampanda kutoka kifuani hadi masikioni, halafu likamwacha akitetemeka kwa baridi. Nywele za mikono zilikuwa zimepungua. Misuli ya mabega, ambayo wateja walikuwa wakiitania kuwa ya punda, ilikuwa imelegea. Na kifua kilikuwa kimevimba, pande zote mbili, laini na chenye maumivu kikiguswa. Yote hayo aliyavumilia kwa hesabu moja tu: dawa inachukua kwangu, na inachukua kwa saratani pia. Sasa picha ilikuwa imemwonyesha, kwa macho yake mwenyewe, kwamba ni yeye peke yake aliyekuwa anapungua.

*

Jumapili hamamu hujaa. Wanaume hukaa kwenye maji ya moto hadi ngozi ilainike, kisha huja mmoja mmoja kulala kwenye kitanda cha plastiki, na Deoksu huwasugua kwa kitambaa cha kijani kinachokwaruza, mgongo, mbavu, mapaja, nyayo, hadi nongo zitoke kama vipande vya uzi mweusi. Wasuguaji wote huvaa bukta tu. Deoksu alikuwa ameanza kuvaa fulana tangu Novemba. Ikilowa ilimgandia, na kilichokuwa kimefichwa kikaonekana zaidi.

Mteja wa kwanza siku hiyo alikuwa Bwana Ko, dalali wa samaki, mtu wa kila wiki. Alilala kifudifudi, akangoja, kisha akasema huku uso ukiwa umebanwa kwenye taulo, "Deoksu, umeanza kunisugua au bado unaniloweka?"

"Nimeanza."

"Basi ongeza. Mke wangu ananikuna kwa nguvu kuliko hivyo, na ana ugonjwa wa viungo."

Deoksu aliongeza. Mkono wake ulikuwa umechoka kabla hajafika kiunoni. Fukuto likampanda. Aliomba radhi, akaenda kutumbukia kwenye bwawa la maji baridi, akarudi. Mteja wa tatu alipokuwa kitandani alilazimika kwenda tena. Watu walikuwa wamepanga foleni, wamejifunga vitaulo vidogo, wanamtazama akitoka majini na fulana yake imemshika mwilini.

"Ndugu yangu," mmoja alimwita, mzee Ban wa duka la vyuma, "nadhani umepotea njia. Kina mama wako ghorofa ya juu."

Walicheka. Kicheko kikagonga vigae na kurudi. Kilichomuuma Deoksu baadaye si kwamba wao walicheka. Ni kwamba yeye pia alicheka, kwa sauti, akapiga hata makofi.

Jioni kabla ya kufunga, mwenye hamamu, Bosi Tak, alimpa kopo la kinywaji cha mchele na kukaa naye kwenye benchi la kubadilishia nguo.

"Kaka Deoksu, umekonda. Pumzika kidogo. Nimemwambia Chu aje Jumamosi na Jumapili. Yule aliyekuwa baharia. Ni kusaidia tu."

"Sijaomba msaada."

"Najua. Ndiyo maana nimekutafutia mimi."

Jumamosi na Jumapili ndizo siku zenye wateja. Wote wawili walilijua hilo, na hakuna aliyelisema.

*

Siku ya kumi na mbili baada ya hospitali, Deoksu alikuwa anabadilisha nguo chumbani na Bunrye akaingia kuchukua mablanketi. Aliliona tumbo lake. Alichukua mablanketi akatoka.

Asubuhi iliyofuata, wamekaa sakafuni mbele ya meza ndogo, samaki wa kuchoma kati yao, alimuuliza, "Sindano ilichomwa wapi?"

"Tumboni. Uliona."

"Niliona plasta. Ile ya Septemba ilikuachia alama ya zambarau wiki tatu, na uvimbe mdogo mgumu kama punje ya mchele. Nilikukanda kwa kitambaa cha moto, umesahau? Safari hii hakuna hata kidoa." Aliweka vijiti vyake chini. "Naangalia ngozi za watu kumi na tano kwa siku, Baba Seonju. Umeniwekea plasta. Mimi."

Deoksu aliendelea kutafuna kwa muda, ingawa kinywani hakukuwa na kitu. Kisha akamwambia. Matano yamekuwa tisa. Daktari anaamini tu, hajui. Aliitwa mara mbili na akaondoka.

"Tisa," Bunrye alisema.

"Mbavuni manne, mawili kwenye uti, matatu nyongani."

"Na damu?"

"Damu kweli imeshuka. Lakini nani anaiona damu? Mimi nimeona mifupa."

"Daktari kasema uchome, wewe ukapanda lifti."

"Dawa inanila mimi, ugonjwa inauacha. Nimekuwa nini? Sina mikono, sina kifua cha mwanamume. Usiku hata kukugeukia siwezi, nalala kama gogo. Kama nakufa, acha nife nikiwa na mikono yangu. Sitaki kugeuka mwanamke kwanza."

"Mimi nimekuwa mwanamke miaka sitini na mitatu," alisema Bunrye. "Sijafa kwa hilo."

Alikusanya vyombo ingawa mumewe hakuwa amemaliza kula. Tangu hapo hawakuzungumza ila ya lazima: funguo, taka, mlango. Kazini Bunrye alisugua kwa hasira hadi mteja mmoja akainua kichwa na kumwambia, "Dada, hiyo ni ngozi yangu, si sufuria." Aliomba radhi. Mara tatu kwa siku alijikuta amesimama na kitambaa mkononi asijue alikuwa amefika wapi kwenye mwili wa mtu.

Siku moja alipanda basi akaenda hospitali peke yake. Karani wa mapokezi, kijana mwenye kucha safi, alimsikiliza bila kuacha kuandika.

"Mgonjwa mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko kazini. Mimi ni mkewe. Nataka kumuuliza daktari swali moja tu."

"Habari za mgonjwa hatumpi mtu mwingine bila yeye kuwepo au kuandika."

"Swali lenyewe si habari. Nataka kujua kama mfupa ukipona, mtu anajisikiaje."

"Mama, aje mwenyewe. Anayefuata tafadhali."

Alisogea pembeni, akasimama karibu na mashine ya kahawa kama dakika kumi, mkoba kifuani, akitumaini Daktari Yeom atapita. Hakupita. Alirudi nyumbani.

*

Jumatatu hamamu hufungwa na mabwawa hukaushwa. Deoksu na Bunrye huenda kusugua vigae, yeye chini, mkewe juu. Jumatatu hiyo, saa nane mchana, Bunrye alimaliza upande wake akashuka kwa wanaume, ndoo mkononi, suruali imekunjwa magotini. Deoksu alikuwa amekaa kwenye kitanda chake cha plastiki, anapumzika.

"Vua, ulale," alimwambia.

"Nini?"

"Umesugua mji mzima. Wewe umesuguliwa lini?"

Alikuwa karibu kukataa, lakini zilikuwa siku nane hawajazungumza na hakutaka iwe ya tisa. Alivua. Alisita kwenye fulana, kisha akaivua nayo. Bunrye alimmwagia maji ya moto kwa bakuli, akavaa kitambaa cha kijani mkononi, akaanza mgongoni. Mkono wake ulikuwa mzito na haukuwa na haraka. Nongo zilitoka. "Tazama," alisema, "unatembea na shamba mgongoni." Deoksu alicheka kidogo puani.

Alipofika mbavuni alipunguza mkono. Alibonyeza kwa kidole gumba, hapa, kisha hapa.

"Panauma?"

"Hapana."

"Hapa je?"

"Hapana."

"Geuka. Lala kwa kushoto."

Deoksu aligeuka. Alimsugua upande wote wa kulia, kuanzia kwapani hadi kifundo cha mguu, akammwagia maji, akasugua tena. Kisha akaacha, akakaa kwenye ukingo wa bwawa lililo tupu.

"Umelalia upande gani?"

"Si umeniambia wa kushoto."

"Agosti ulilala ukiwa umekaa, umeegemea kabati, kwa sababu nyonga ya kushoto haikugusika. Nilikuwa nakuwekea mito mitatu. Sasa hivi umelalia plastiki tupu dakika ishirini na uzito wako wote uko juu ya nyonga hiyo." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Mito niliitoa lini, Baba Seonju?"

Deoksu alifikiri. Hakukumbuka. Oktoba, labda mwishoni. Hakuna siku maalumu maumivu yalipoondoka. Yalikuwa yameondoka akiwa anahesabu mafukuto. Alijikandamiza nyonga kwa ngumi. Akakandamiza tena kwa nguvu zaidi, mahali ambapo picha ilikuwa imemwonyesha madoa matatu, na akahisi ngumi tu.

"Haimaanishi kitu," alisema.

"Labda. Mimi si daktari, wala kompyuta sina. Nakwambia ninachokishika." Alisimama, akachukua bakuli. "Lala chali. Bado kifua."

Alikitazama kifua chake, akamtazama mkewe.

"Kifua kinauma."

"Najua. Nitatumia kiganja."

*

Deoksu alikwenda kuchoma sindano Alhamisi, akiwa amechelewa zaidi ya wiki tatu. Daktari Yeom alitazama tarehe, akavua miwani.

"Ungeniambia unataka kuacha, tungezungumza. Mtu akitoroka, mimi nasoma picha ya Machi nikidhani alikuwa kwenye dawa. Ningekuondolea tiba inayokusaidia."

"Nisamehe."

"Na kifua. Kuna dawa ya kupunguza maumivu. Kwa nini hukusema?"

Deoksu alitazama ukuta. "Wewe ni mwanamke," alisema hatimaye. Daktari aliandika dawa.

Miezi iliyofuata ilikuwa mirefu. Kufikia Januari Chu alikuwa anakuja siku zote za kazi, na Bosi Tak akamweka Deoksu kaunta, kugawa funguo na mataulo, kwa malipo aliyoyataja haraka huku akitazama pembeni. Deoksu alikubali. Hakuweza kukaa. Aligawa funguo akiwa amesimama, akipanga mataulo yaliyokwisha kupangwa. Asubuhi alitembea hadi bandarini na kurudi, kisha akaenda tena. Kila kikohozi kilimfanya ashike ubavu. Akiumwa mgongo kwa kuinama alijiambia ni doa la kumi. Nyumbani alijibonyeza mbele ya kioo, nyonga, mbavu, uti, mpaka akajiachia michubuko, na Bunrye akamnyang'anya kioo akakigeuza ukutani.

"Kuna mashine ya kazi hiyo," alimwambia.

Naye Bunrye alikuwa mtulivu. Watu wa hamamu walimsifu kwa utulivu wake. Alipika, alisugua, aliongea na Seonju kwenye simu kwa sauti ya kila siku, na kila binti alipouliza kuhusu Seoul alijibu, "Tungoje Machi kwanza."

Machi ilifika. Wakamdunga ile dawa mkononi, wakamwambia anywe maji mengi na akojoe mara kwa mara, arudi baada ya saa tatu. Alilala chini ya mashine, mikono imefungwa kando ili isitikisike, bamba likishuka hadi karibu na pua yake. Majibu yalikuwa baada ya siku sita. Siku hizo sita hakuna aliyekula vizuri nyumbani, na hakuna aliyemsema mwenzake kwa hilo.

Safari hii waliingia wote wawili. Kulikuwa na picha tatu kwenye kioo. Deoksu alianza kuhesabu kabla hajakaa.

"Hakuna jipya," Daktari Yeom alisema mara moja. "Hata moja. Haya ya mbavuni yamefifia, karibu hayaonekani. Uti umefifia. Nyongani mawili yamefifia, moja bado linawaka, hili hapa; hili tutalifuatilia. Damu ni sifuri nukta sita. Madoa ya Desemba yalikuwa ya mifupa inayopona."

Deoksu alitazama doa la nyonga. "Hili moja je?"

"Sijui bado. Tutapiga tena Juni."

"Kwa hiyo ataishi?" Bunrye aliuliza.

"Mama, ugonjwa huu hauondoki kabisa. Tunaushika. Kwa sasa tumeushika."

"Miaka mingapi?"

"Mwache," alisema Deoksu kwa upole. "Ameshasema anachokijua."

Nesi alimwita akachome sindano, na safari hii aliinuka alipoitwa mara ya kwanza. Bunrye alibaki kwenye kiti cha ukumbini, mkoba mapajani. Alitaka kumpigia Seonju. Alitoa simu, akalitafuta jina la binti yake, asilibonyeze. Aliirudisha simu mkobani, akaenda chooni, akajifungia, akafungulia maji ya sinki yote hadi mwisho. Alilia akiwa amesimama, ameshika ukingo wa sinki, kwa muda ambao yeye mwenyewe hakuupima. Mtu aligonga mlango, akaondoka. Kisha alinawa uso, akajifuta kwa karatasi, akatengeneza nywele na kutoka.

Deoksu alikuwa katikati ya ukumbi, mkanda haujafungwa sawasawa, anageuka huku na huku kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Ulikuwa wapi? Nimekutafuta hadi kwenye lifti."

"Chooni."

Alimtazama uso. Macho ya mkewe yalikuwa mekundu na ukosi wa blauzi umelowa.

"Umelia?"

"Maji ya bomba yamenirukia."

Deoksu alichukua mkoba mikononi mwa mkewe, akautia begani kwake mwenyewe, mkoba wa kike wa rangi ya zambarau wenye kishikizo cha dhahabu, mbele ya wazee wote waliokaa pale.

"Maji ya moto au ya baridi?" aliuliza.

"Funga mkanda," alisema Bunrye. "Twende ukale."